Nilikata nyongeza ya dagaa, sasa mteja wa mama anakula maharage

Admin, jina langu liweke mbali, Kibirizi nzima wananijua kwa huu mdomo.

Mimi ni kijana wa miaka 22, nauza dagaa. Shule niliishia kidato cha pili, siyo kwa ujinga, niliona walimu wananichelewesha. Meza siyo yangu, ni ya mama. Ameuzia pale tangu sijazaliwa. Sasa yuko Kalinzi kwa dada yake, anauguza mguu. Aliniachia kwa neno moja: "Usibadilishe kitu."

Nikabadilisha. Kwetu ukishapima kopo la dagaa unaongeza konzi moja juu, ndiyo nyongeza. Sasa jirani yangu anauza chumvi. Ilipopanda bei, watu walinung'unika na wakanunua vilevile. Nikasema, kama chumvi ni hivyo, dagaa wa Kigoma je? Nani ataishi bila dagaa huku? Bei nikaiacha palepale, konzi nikaikata. Nikajiona profesa.

Akaja Mama Zuhura, mwenye mgahawa kule Ujiji, rafiki wa mama na mteja wake mkubwa. Akalitazama kopo. "Mwanangu, mkono umekufa ganzi?"

"Shikamoo kwanza, mama. Hali ngumu. Ukiwaacha hawa utapika nini?"

"Marahaba. Nitapika maharage."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wiki ya tatu hii anapita mbele yangu na maharage yake. Nimemrudishia konzi, nikaongeza na ya pili, hata hakuitazama. Nikamuuliza, mbona chumvi ikipanda hamuiachi?

"Chumvi haina mwenzake, baba. Maharage nikiyaunga na mawese, wateja wangu hawaulizi dagaa. Na dagaa wenyewe kila meza wapo. Kwako nilikuwa nafuata mkono wa mama yako."

Wapishi wengine wawili wamemfuata. Nashinda nafukuza nzi, utani wenyewe umeniisha, nimechoka jamani. Mama anarudi Jumamosi, na kila akipiga simu anauliza, "Mama Zuhura hajambo?" Najibu hajambo. Na kweli hajambo, mimi ndiye mgonjwa.

Siku zote natoa ushauri sokoni bila kuombwa. Leo naomba wa kwenu: nimwambie mama kwenye simu, au nimwache aje akae kwenye meza yake, aone mwenyewe nani hasimami tena?