Panya Niliowapandisha Rafu ya Juu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, brashi na rundo la vizimba vichafu, nikaambiwa nisiimbe. Kituo chetu cha utafiti kilikuwa pembeni mwa mji wa Korogwe, nami nilikuwa nimetoka kwetu Kwamsisi, Handeni, nikidhani nimeajiriwa kulinda ghala. Msimamizi wa Maabara, mama wa Kisambaa asiyecheka ovyo, alinisimamisha mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaogopa panya?"

"Nyumbani tunawaua, mama."

"Hapa ukiua mmoja bila ruhusa, umejifukuza kazi. Vua viatu uingie."

Ninyi vijana mnaoomba kazi hizi leo mnakuja na vyeti. Sisi tulifundishwa kwa kukaripiwa. Nilijifunza kubadilisha maranda ya kulalia, kujaza chupa za maji bila kuacha kiputo cha hewa kwenye mrija, na kumshika panya kwa mzizi wa mkia ili asiumie wala asiume. Miaka ilipita nikiosha vizimba, kisha nikapandishwa kuwa mtunza wanyama wa maabara, kisha nikahamishiwa Chumba cha Macho. Kupandishwa kwenyewe kuliongeza kazi tu.

Panya wa chumba kile walikuwa weupe, na vinasaba vyao, yaani yale maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, vilikuwa vimebadilishwa makusudi. Walizaliwa wanaona. Baada ya wiki chache, seli zinazopokea mwanga zilianza kufa. Seli hizo zimejipanga kwenye retina, utando mwembamba ulioko nyuma ya jicho. Zilianza kufa zile za kuonea gizani, zikafuata za mchana, mpaka panya akawa anatafuta chakula kwa pua tu. Msimamizi aliponieleza hayo, niliona ni kama ananisimulia habari za mdogo wangu Mwanahawa.

Mwanahawa alianza kujikwaa tangu usichana wake, kila jua likizama. Babu yetu mzaa mama alianza vivyo hivyo akaishia kushikwa mkono. Daktari wa macho alishatuambia kwamba ugonjwa huo ni wa kurithi na hauna dawa. Basi Jumamosi ile nilikwenda Kwamsisi mbio, nikamkuta anachambua mchicha kwa kuupapasa.

"Mwanahawa, dawa yako inatafutwa. Na mimi ndiye ninayewalisha panya wenyewe."

"Itachukua muda gani, kaka?"

"Si muda."

Nani alinituma kusema vile? Haukupita mwaka, afisa ustawi wa jamii akafika kijijini kuandika majina ya watu wa kufundishwa kutembea kwa fimbo nyeupe. Mwanahawa akanipigia simu kuniuliza. Nikamwambia asijiandikishe, kwa sababu niliona kujiandikisha ni kukata tamaa. Akanisikiliza. Akakaa nyumbani, ikawa hata kwa shoga yake Bi Zaina, nyumba ya nne tu kutoka kwake, haendi mpaka apatikane wa kumshika mkono.

Sasa niwaambie kosa langu la kazini, maana hata hilo lilitokana na mapenzi. Mtafiti Mkuu alileta dawa ya kujaribu. Nusu ya panya walidungwa dawa hiyo, na vizimba vyao vikawekwa kadi za kijani. Nusu nyingine walidungwa maji ya chumvi tu, wakawa kundi la kulinganisha. Amri ilikuwa moja: kila Jumatatu vizimba vya rafu ya juu vishuke chini, vya chini vipande. Mimi nilidhani ni mambo ya usafi tu. Rafu ya chini ilikuwa na unyevu, na sisimizi walipanda kutoka sakafuni. Nikajiambia, hawa wa kadi ya kijani ndio tegemeo la Mwanahawa, wawekwe pakavu. Nikawapandisha juu, nikawaacha huko, na mgongo wangu nao ukashukuru. Kila Jumatatu kwenye daftari niliandika "nimezungusha."

Watafiti walipopima macho ya panya, waliopewa dawa walikutwa wameharibika kuliko wasio na dawa. Mtafiti Mkuu alikaa kwenye hadubini asubuhi nzima, kisha akaniita.

"Mzee Athumani, unavizungusha vizimba?"

Ningeweza kudanganya, daftari lilikuwa upande wangu. Lakini nilimfikiria Mwanahawa, nikaona dawa inatupwa kwa ajili ya uongo wangu. Nikapiga moyo konde.

"Sivizungushi, Daktari. Hawa wa kijani nimewaacha juu, wasiliwe na sisimizi."

Akanionyesha taa ya dari, jirani kabisa na rafu ya juu. "Macho haya hayavumilii mwanga mwingi. Mwanga unaziua seli haraka zaidi. Umewahurumia, ukawaunguza."

Sikufukuzwa, ingawa nilistahili. Nilipewa barua ya onyo, na Msimamizi hakunisalimu kwa muda mrefu. Jaribio likaanza upya na panya wapya. Safari hii nilizungusha kila Jumatatu huku mgongo ukilia, na Msimamizi akisimama mlangoni kuhakikisha. Mwisho wake, seli za waliopewa dawa zilidumu kidogo zaidi. Kisha nazo zikafa.

"Tumechelewesha, hatujaponya," Mtafiti Mkuu akasema.

"Na kwa binadamu, Daktari?"

"Labda wajukuu zako, mzee wangu. Sitaki kukudanganya."

Yeye hakutaka kunidanganya. Mimi nilipanda basi nikaenda Handeni kumwambia Mwanahawa, "Bado kidogo." Niliendelea hivyo kila likizo mpaka nilipostaafu, na wakati huo alikuwa haoni hata jua.

Nimechoka, ndugu zangu. Mgongo umechoka, na kutumaini kwa niaba ya mtu mwingine kumenichosha zaidi. Kazi yenyewe siilaumu, kwani waliokuwa wakitafuta walitafuta kweli, na wangali wanatafuta. Niliporudi Kwamsisi moja kwa moja nilikaa na mdogo wangu barazani nikamweleza yote, rafu, taa, daftari na maneno ya Daktari. Hakulia. Aliniuliza kama yule afisa bado anapita. Nikamwambia alishahama. Basi nikamchongea fimbo mwenyewe, nikaipaka rangi nyeupe.

Tulifanya mazoezi asubuhi kwa wiki tatu. Alijifunza kugusa ukingo wa njia, kusikiliza mashine ya kusaga iko upande gani, na kusimama pikipiki inapokuja. Juzi alikataa nimshike mkono. Nikamfuata kwa mbali, roho mkononi, mpaka akaugusa mlango wa Bi Zaina na kupiga hodi. Bi Zaina alipomwona amekuja peke yake alipiga vigelegele.

Mwanahawa akageuza uso kule alikozisikia hatua zangu.

"Athumani," akaniita. Hakusema kaka. "Kumbe ilikuwa hivi tu? Wiki tatu?"

Akaingia ndani, mimi nikabaki nimesimama njiani.