Filta ya Mkaguzi

Mume wangu hajui kununua kitu haraka. Tulipokuwa tunatafuta kitanda cha kuanzia maisha, alilalia vitanda vya duka zima, tena viatu amevua kwa heshima, mpaka mwenye duka akamwuliza kama amletee na shuka. Sasa mtu wa namna hiyo mpeleke duka la spea kununua filta ya oili, utajuta. Wauzaji wa mtaa wetu walishampa jina zamani, wanamwita Mkaguzi, na wakimwona anakata kona wengine hujitia wana shughuli nyuma ya rafu.

Alikuwa dereva. Maisha yake yote ya kazi ameendesha magari ya ofisi moja. Mabosi wakaja, mabosi wakaondoka, yeye akabaki palepale na usukani wake, na hajawahi kugonga hata ndoo. Alipostaafu tukanunua kigari chetu, cha zamani lakini kizima, na tangu siku hiyo hakuna fundi aliyekitia mkono. Oili anabadilisha mwenyewe, uani kwetu, ndani ya shimo alilolichimba na kulisakafia kwa mikono yake. Majirani walidhani tunajenga tangi la maji, wakaanza kutusalimia kwa adabu zaidi.

Na kuendesha ni yeye. Mimi leseni ninayo, tena yeye ndiye aliyenifundisha, na akisafiri naendesha mpaka naichoka barabara. Ila akiwepo yeye ndani ya gari, mimi ni abiria. Hatujawahi kulijadili jambo hilo. Liko hivyo tu, naye hulipenda hivyo, nami nilishaacha kulikasirikia.

Basi binti yetu akajifungua. Mjukuu wa kwanza, msichana. Hospitali wakasema watamruhusu kesho yake mchana, na mkwe wetu yuko kazini mbali, hawezi kufika mpaka mwisho wa wiki. Mume wangu kusikia hivyo, meno yote nje. "Nitamleta mimi," akasema. "Nimebeba mabosi wa kila aina, bosi wa aina hii sijambeba." Kisha hapohapo akatangaza kwamba gari lazima libadilishwe oili kwanza. Nikamwambia gari halina neno. Akanijibu, mkavu kabisa, kwamba mjukuu wake haingii kwenye gari lenye oili nyeusi.

Nikamwacha. Kusema kweli furaha yake ilikuwa inanifurahisha. Tangu astaafu alikuwa akikaa kibarazani kama mtu anayesubiri kuitwa, na hatimaye kuna mtu amemwita.

Asubuhi tukaenda dukani. Bahati yetu, au bahati mbaya ya mwenye duka, zamu ilikuwa ya mama mmoja wa makamo mwenye sauti nzito ambaye Mkaguzi hamtishi. Alimwona, akavuta kiti, akakaa kabisa. "Karibu mzee. Nimeshafunga siku yangu kwa ajili yako."

Filta yenyewe, kwa asiyeijua, ni kikopo cha bati kinachoenea kiganjani. Ndani kuna karatasi iliyokunjwakunjwa inayochuja uchafu wa oili. Mdomoni kuna tundu lenye nyuzi kama za skrubu, ndipo kinapofungwa kwenye injini, na kuuzunguka mdomo huo kuna mpira mwembamba wa kuziba oili isivuje. Basi. Mtu mwingine husema gari lake ni la aina gani, akapewa kikopo, akaenda zake. Wangu alitoa mfukoni filta aliyoivua mara iliyopita, ameiosha, ameifunga kwenye gazeti, akaiweka mezani ikae kama shahidi.

Ya kwanza nyuzi zilikubali ila ilikuwa fupi. Akaikataa. Ya pili ilikuwa na boksi zuri kweli, ila alipokwaruza maandishi ya kwenye bati kwa ukucha, rangi ikatoka. Akaisukuma pembeni bila kusema kitu, na yule mama akairudisha chini ya meza naye bila kusema kitu. Ya tatu akaitikisa sikioni. Ya nne akaichungulia ndani, akainusa.

"Mzee," mama wa spea akasema, "hiyo ni filta, si mchumba."

"Mchumba angekuwa afadhali, mama. Mchumba utamhoji, atakujibu."

Mwishoni zikabaki mbili, zinafanana kila kitu. Akazishika moja mkono huu, nyingine mkono huu, akasimama hivyo muda mrefu. Halafu akanigeukia. "Mama watoto, hebu bonyeza mipira hii. Upi laini?"

Nilishtuka. Miaka yote hiyo hajawahi kuniuliza hata kuhusu skrubu. Nikabonyeza. Mmoja ulikuwa mgumu kama soli ya kiatu, mwingine ukabonyea vizuri na kurudi. "Huu," nikasema. Akasema tunachukua huo, na hakuubonyeza tena yeye. Nilitoka pale shingo juu, bibi mzima nimechagua filta, na njia nzima nilikuwa namringia.

Nyumbani akavaa ovaroli, akashuka shimoni. Mimi nikaketi juu kwenye kigoda na sanduku la vifaa, maana hiyo ndiyo nafasi yangu, kupitisha spana na kuambiwa siyo hiyo. Akafungua boliti ya chini, oili ya zamani ikamwagika kwenye beseni. Akafungua filta ya zamani. Kisha nikamsikia anaanza kisomo chake, kile anachokisema kila mara tangu nimfahamu: "Futa. Pitisha kidole. Paka oili. Funga kwa mkono."

Hiyo ya kupitisha kidole ndiyo aliyokuwa akiwafundisha madereva wadogo kazini mpaka wakawa wanamwigiza. Mara nyingine ukivua filta ya zamani, mpira wake hubaki umeganda kwenye injini. Haupo mahali pa kuonekana, uko juu, gizani, umejaa oili. Ukifunga filta mpya juu yake, mpira juu ya mpira, haishiki. Gari likiwaka oili yote inamwagika. Kwa hiyo unapitisha kidole kuzunguka pale mahali, na kidole ndicho kinachokuambia.

"Pasafi," akasema toka shimoni.

Akafunga filta mpya, akapanda, akajaza oili mpya, akaingia ndani ya gari akaliwasha. Mimi nilikuwa bado nimeinama nachungulia. Nikaona oili inashuka kutoka kwenye filta, si tone, ni mfereji, ya rangi ya asali, inatandaa kwenye sakafu ya shimo lake.

"Zima," nikasema. Injini inanguruma, hanisikii. "Zima gari!"

Akazima. Akaja, akachungulia, uso ukamwiva. "Ametuuzia takataka yule mama," akasema. "Naivua hiyo filta nimrudishie sasa hivi."

Mimi nikachomwa. Filta ile nimeichagua mimi, na mpira ule nimeubonyeza kwa kidole changu mwenyewe. Nikachukua tochi, nikajifunga gauni kiunoni, nikashuka. Akaniambia nitachafuka. Nikamwambia nishachafuka. Nikaifungua filta, inateleza, nikauangalia mpira wake, hauna hata alama. Nikainua mkono mahali inapokaa, nikapitisha kidole.

Mpira wa zamani ulikuwa palepale, duara zima, umesimama wazi hata mtoto angeushika. Nikaubandua kwa ukucha, nikapanda, nikauweka kwenye kiganja chake.

Aliutazama. "Nilipitisha kidole," akasema.

"Ulipitisha?"

"Nilipitisha. Pote."

Na mimi namjua akidanganya, masikio huwa yanacheza. Hayakucheza. Nikaushika mkono wake, nikamwambia afumbe macho, akafumba kama mtoto anayengoja zawadi. Nikachukua ule mpira, nikausugua kwenye ncha ya kidole chake cha shahada, mbele na nyuma.

"Nimekuwekea nini?"

"Hujaniwekea kitu bado."

Na palepale nikaelewa kwa nini kule dukani niliheshimiwa ghafla.

"Tangu lini?"

Akafumbua macho, akaona nilichoshika. "Imekuja kidogokidogo," akasema. "Ganzi tu. Ni hii sukari."

Kisukari anacho miaka mingi. Kliniki anakwenda, dawa anakunywa, na kila daktari akimwuliza hali, anajibu nzima, mimi nikiwa nimekaa pembeni nafurahi, masikio yake sijayatazama. Nikampa vidonge vyake, vya maneno. Nilimwambia ni mbinafsi, nilimwambia ganzi si kitu cha kujikaza kisabuni, nilimwambia vidole hivyo si vyake peke yake. Nikaendelea hivyo mpaka nikasikia mdomo wangu unauliza jambo ambalo akili ilikuwa haijalifikia.

"Na miguu?"

Akaanza kujifuta mikono na kitambaa. Alifuta hata pasipo na oili.

"Baba, nakuuliza miguu."

"Miguu ndiyo iliyoanza."

"Breki unaisikiaje?"

Akafuta vidole kimoja kimoja. "Naisikia gari linaposimama," akasema.

Nilikaa kwenye kigoda. Nikafikiria safari zote tulizokwenda karibuni, mimi nimelala kiti cha pembeni mdomo wazi, nimeegemea dereva asiyegonga hata ndoo. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo.

"Leo tu," akasema. Alikuwa amechuchumaa mbele yangu, na sijawahi kumsikia akiomba kwa sauti ile, hata wakati wa kuniposa. "Nimlete leo tu, halafu basi, nakupa funguo mbele ya mtu yeyote unayemtaka. Ni njia fupi. Naijua kuliko kitanda changu. Macho yangu mazima. Nitakwenda taratibu. Mama watoto, ni mjukuu wangu."

"Ndiyo maana."

"Mara moja tu."

"Hapana," nikasema. Iliniuma kuisema, inaniuma mpaka sasa, lakini niliisema tena asije akadhani nimeteleza. "Hapana, baba."

Alibaki amechuchumaa. Nilidhani atakasirika, na ningeshukuru, maana hasira yake naijua pa kuishika. Akainuka, akashuka shimoni polepole, akaangalia kila ngazi kabla ya kukanyaga, na ndipo nilipotambua kwamba ameshuka hivyo kwa muda mrefu, nami nilikuwa namcheka kwamba anazeeka.

"Njoo," akaita kutoka chini. "Njoo upitishe wewe kidole."

Nikashuka. Tukabanana mle shimoni, watu wazima wawili na beseni la oili. Akanimulikia tochi. Nikafuta, nikapitisha kidole, nikamwambia pasafi, akaniambia nipitishe tena. Nikapaka oili mpira wa filta mpya, nikafunga mpaka ukagusa, naye akanielekeza nizungushe kiasi gani baada ya hapo, na kunionya nisikaze kwa hasira. Tukajaza oili tena. Nikawasha gari mimi, yeye akabaki chini anatazama. Akaimulika filta pande zote, halafu akasema, "Pakavu."

Akaoga, akavaa shati lake la sherehe. Alipotoka nje akafungua mlango wa dereva, akausimamia umenyooka, kama alivyokuwa akiwafungulia mabosi. Nilipita mbele yake nikaingia. Akaufunga kwa upole, akazunguka gari, akaketi kiti changu, akafunga mkanda.

Njia nzima hakunikosoa. Nilikosea gia kwenye mlima, akatazama nje. Nilichelewa kuwasha taa ya kukata kona, kimya. Ningelipa chochote anigombeze. Mimi kichwani nilikuwa natunga uongo wa kumstahi mbele ya mtoto: mgongo unamuuma, au nimelilia kuendesha mwenyewe kwa kiherehere cha kuwa bibi. Nilishachagua wa kiherehere, ulikuwa unaniingia vizuri.

Binti yetu alikuwa kwenye ngazi za hospitali na nesi pembeni, kichanga kimefungwa, pua tu inaonekana. Akamwona baba yake anashuka mlango usio wake.

"Baba, mbona mama ndiye anaendesha? Gari lina nini?"

Nikafungua mdomo na uongo wangu tayari. Mume wangu akaninyooshea kiganja, ngoja.

"Gari zima, mwanangu. Mbovu ni mimi. Miguu imekufa ganzi, breki siisikii. Sitaendesha tena." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetoa taarifa ya safari, na masikio yalikuwa yametulia tuli. "Nipe huyo nimshike. Mikono bado ina nguvu."

Binti akanitazama, machozi yamejaa, nami nikamwashiria ampe. Akampa. Babu akampakata vizuri, kwa ustadi, kiwiko mahali pake. Akanyoosha kidole, akamgusa mtoto shavuni, akakiacha pale. Nikaona anasubiri. Akakisogeza kidogo, akasubiri tena, kisha akakiondoa.

Akainama, akalaza shavu lake juu ya shavu la mtoto, akafumba macho.

"Ana joto," akasema. "Huyu namsikia."

Nilimwacha akae hivyo, ingawa nyuma yetu kulikuwa na teksi inapiga honi tuipishe njia.