Kijumba cha Mfano, Musanda

Mteja wangu wa kwanza alitaka vijumba vya mapumziko huko Kilifi, na sharti lake lilikuwa moja: mtu akisimama ufuoni asivione. Vikae pale kana kwamba havikuletwa na mtu. Kwa miaka mingi nilichora ramani wakatia sahihi wakubwa wangu. Kazi hii ingekuwa yangu, na niliitaka mno.

Kabla ya kunipa, mama huyo alitaka kuona kijumba kimoja kimesimama. Alikuwa anakuja Kakamega kumwona bintiye chuoni, nami sina kiwanja mjini, basi nikajenga kijijini Musanda kwa mama yangu, kando ya miwa. Majirani walikuja kukandika kuta, tukala obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, udongo ukiwa bado kwenye viwiko. Kuta niliziacha na rangi ya udongo wenyewe, nikarudi mjini nikijisifu.

Siku ya mteja kuja nilifika mapema, nusura nizimie. Mama na wenzake walikuwa wamekipaka kijumba rangi: mkanda mweusi chini, udongo mweupe juu, na maua mekundu kuzunguka mlango.

“Mama, mmefanya nini?”

“Tumekumalizia. Nyumba haiachwangi uchi. Watu watasema hauna watu.”

Nilifoka hadi kuku wakatawanyika. Mama aliingia jikoni kuchemsha chai. Kukwangua ukuta mzima hakukuwezekana tena, na kazi yangu niliiona ikienda hivyo hivyo.

Simu ikalia, ni mteja. “Mwanangu, boda ameniacha hapa, nimezunguka hata miguu yauma. Hicho kijumba ki wapi?”

Nikazunguka nyumba ya mama mbio. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa kijumba, amekipa mgongo, akichungulia kwenye miwa. Nikamwonyesha. Akageuka, akakitazama, akatazama nyumba ya mama, kisha ya jirani ng'ambo ya barabara, zote zina mikanda myeusi na maua. Akacheka hadi akashika kiuno.

“Kumbe! Nami nilidhani hapa kwa watu tu!”

Alipotulia akasema kama yeye anayekitafuta hakukiona, kazi ni yangu, ila kule Kilifi niwaite akina mama wa kule wanimalizie.

Mama akatoka na trei ya chai. Nikampokea trei, nikamwambia mgeni kwa sauti, ili na majirani wasikie, kwamba aliyekimalizia ni huyu.