Taa Nyekundu Kwenye Koti la Babu

Nilikwenda Lusahunga kwa sababu ya kufuli. Baba alilinunua gulioni, kubwa, zito, akalitundika kwenye msumari kando ya mlango wa chumba cha Babu. Hakulifunga. Alisema tu, "Deo, nakupa mpaka Jumapili. Kidude chako kikishindwa, mzee tutamfungia ndani. Nitalia kama ninyi, lakini nitamfungia."

Babu yangu anasahau. Jina langu analikumbuka siku moja, analipoteza siku mbili. Asiyemsahau ni ng'ombe wake Gaju, aliyeuzwa kabla mimi sijazaliwa. Basi anavaa koti, anashika fimbo, anateremka bondeni kumtafuta. Mara ya mwisho tulimkuta kwenye mafunjo, maji yamefika magotini, anaita, "Gaju! Gaju we!" Tangu siku hiyo Bibi hajalima kwa raha. Anapalilia mistari miwili ya maharage, anarudi nyumbani kuchungulia.

Mimi nimeishia kidato cha nne, na matokeo yangu tusiyaongelee. Lakini natengeneza simu hapa Nyakisasa, na video za mafundi naziangalia kuliko mpira. Ndiyo nikaunda kidude chenye sehemu mbili. Ya kwanza, ndogo kama kiberiti, Bibi aliishona ndani ya koti la Babu. Kazi yake ni kuita kwa mawimbi ya redio ambayo sikio halisikii: nipo, nipo, nipo. Ya pili inakaa ukutani jikoni, inatumia umeme wa sola, inasikiliza. Isipoisikia ile ya kotini, maana yake Babu ameivuka migomba yetu, na hapo inapiga kengele.

Ilifanya kazi vizuri sana, kwa siku mbili. Betri ya kotini ikaisha. Nikaweka mpya, siku mbili, ikaisha. Niliwahi kusikia kwamba Lusahunga wako mafundi wa vile vifaa vya kufuatilia malori, ambavyo hukaa muda mrefu bila kuchajiwa. Nikajiambia, huko ndiko jibu liliko.

Ijumaa asubuhi nikazitoa sehemu zote mbili, nikazifunga kwenye kitenge. Bibi akaweka kigoda mlangoni kwa Babu, akakaa na karanga zake za kumenya, kama askari.

"Ukirudi, taa iwe inawaka," akaniambia.

Alikuwa anazungumzia kitaa chekundu cha ile sehemu ya kotini. Nilikiongeza kwa ombi lake. Alisema kitu kisichowaka kimekufa, na yeye hawezi kumkabidhi mume wake kwa maiti.

Mpaka Rulenge nilipanda bodaboda, kutoka hapo nikapata gari dogo hadi barabara kubwa itokayo Rusumo. Hapo Mungu akanikumbuka: dereva mmoja wa lori, mnene na mcheshi, akanipa lifti. Kwenye vilima lori lilipanda polepole mpaka nikawa nasoma majani ya miti moja moja. Nikamuuliza kama lori lake lina kifaa cha kufuatiliwa.

"Linacho, hilo pepo!" akasema. "Tajiri yuko Dar es Salaam, lakini nikisimama kununua ndizi anajua. Nikikawia anapiga simu: 'Ndizi gani hizo, unazipanda kwanza?'"

"Na lori likizimwa siku nyingi, hakimalizi betri?"

"Nimekaa mpakani wiki nzima nasubiri makaratasi. Nikarudi, nikawasha, likawaka mara moja."

"Sasa huwa kinakula nini?"

"Ee bwana, mimi najua usukani. Muulize Minza, ndiye aliyekifunga."

Saa nane mchana tulifika Lusahunga. Malori yalikuwa yamejipanga pande zote mbili kama ng'ombe mnadani, moshi wa nyama choma unapita katikati, na mama mmoja anamuuzia dereva mkaa huku wakigombana kwa furaha. Dereva wangu alinishusha mbele ya kibanda cha bati chenye redio za magari zilizofumuliwa matumbo. Ndani alikuwepo dada wa miaka thelathini na kitu, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Ila usinizeeshe, bado natafutwa na wachumba."

Huyo ndiye Minza. Wazazi wake ni Wasukuma waliotoka Shinyanga na mifugo yao wakahamia huku Biharamulo. Nikamweleza habari yote: Babu, Gaju, kufuli, Jumapili. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akatoa kwenye kopo kitu cheusi kama harage, chenye miguu mitatu.

"Unaijua hii?"

"Transista. Ya redio ya zamani."

"Inafanya nini?"

Nikaanza kutaja maneno ya kwenye video. Akacheka. "Acha Kiswahili cha darasani. Umewahi kuona lango la zizi? Ng'ombe mia wanapita, lakini anayewaruhusu ni mtoto anayesukuma mti mmoja. Huu mguu ndio mti. Umeme kidogo unasukuma, umeme mwingi unapita au unazuiwa. Transista ni lango. Basi."

"Na kwenye chipu?"

"Malango hayohayo, madogo kiasi kwamba kwenye simu yako yamo mabilioni. Na kadiri lango linavyokuwa dogo, anayelisukuma hachoki, ndiyo maana vifaa vya sasa havili sana umeme. Ila lilipokuwa dogo mno likaleta shida nyingine. Ndama."

"Ndama?"

"Lango limefungwa, ndama bado wanapenya chini. Umeme unavuja hata chipu ikiwa haifanyi kitu. Wataalamu wakahangaika. Zamani lango lilibana kutoka juu tu. Baadaye wakalifanya libane pande tatu. Siku hizi ziko chipu ambazo lango linauzunguka mkondo pande zote. Ndama apite wapi?"

Nilikaa na ile transista kiganjani. Nikawaza watu wa mbali ambao hawajawahi kulala karibu na zizi, wanakesha wakitafuta namna ya kuzuia ndama. Nilitamani niwasalimie.

Minza akafungua kidude changu, akaunganisha mita ya kupimia umeme. Namba zikaruka juu. "Chipu yako ni nzuri, lakini hujawahi kuiruhusu ilale. Inaita mfululizo kama mnadi wa samaki. Babu yako ana mbio gani? Kwa nusu dakika anafika wapi?"

"Hata migomba mitatu hamalizi."

"Basi iite mara moja, ilale nusu dakika, iamke, iite tena. Ile ya ukutani nayo tuseme ikikosa miito minne mfululizo ndiyo ipige kengele."

Akabadilisha programu kwenye kompyuta yake. Namba za mita zikashuka, lakini zikagoma katikati. Minza akakunja uso. Akapekua, akapuliza vumbi, mwishowe akaweka kidole juu ya kitaa chekundu.

"Huyu fahali nani kamweka hapa? Chipu imelala, yeye anakula usiku na mchana."

Nikaona aibu, nikamweleza habari ya Bibi. "Nikikitoa atalichana koti na kukitupa kidude jalalani. Namjua."

"Bibi yako anataka taa, au anataka mume wake?"

"Anataka vyote viwili, dada."

Akaigonga sehemu ya pili kwa bisibisi. "Ile ya ukutani si ina sola?"

"Inayo."

"Basi taa ikae nyumbani."

Nilipoelewa, nilicheka mpaka jirani akachungulia. Tukakitoa kitaa kwenye sehemu ya kotini, tukakiunganisha kwenye ile ya ukutani. Kila mwito ukifika, taa inapepesa mara moja. Mita nayo sasa ilisoma karibu na sifuri. Minza alipiga hesabu, akasema betri inaweza kudumu miezi kadhaa. Nikamkumbatia, na miwani yake ikaanguka.

Nililala kwa mama yake, nikapewa ugali na maziwa ya mgando. Jumamosi jioni nilikuwa Nyakisasa.

Bibi alikigeuzageuza kidude cha kotini. "Mbona kimekufa?"

"Hakijafa, Bibi, kimelala. Angalia ukutani." Taa ikapepesa. "Huyo ni Babu anakwambia yupo." Babu alikuwa uani akiota jua la jioni. Bibi aliitazama ile taa ikipepesa tena, na tena. Kisha akaenda kukoroga maharage.

Jumapili baada ya misa Baba alisema siku moja si ushahidi. Akalitikisa kufuli kidogo, akaliacha kwenye msumari. Siku ya pili ikapita. Ya tatu Baba alikuja jikoni mara mbili akijifanya anatafuta kisu. Ya tano hakujifanya tena. Alivuta kigoda akakaa kuitazama taa.

Wiki ya pili, saa kumi alasiri, taa ilinyamaza na kengele ikalia. Kabla sijavaa viatu Baba alikuwa ameshapita migombani anakimbia. Niliwakuta kwenye njia ya bondeni, mbali na maji. Koti la Babu limefungwa vifungo vibaya, na Baba ameushika mkono wake.

Kwenye safari ile nilijifunza kwamba nguvu ya chipu si kukesha. Ni kulala na kuamka kwa wakati. Nilijifunza pia kwamba nilikuwa nimeiweka taa mahali pasipo na mtu wa kuitazama. Kufuli sasa liko kwenye banda la mbuzi.

Ila ninachokikumbuka zaidi ni maneno waliyosemezana siku ile wakipanda kilima.

"Gaju sijamwona," Babu alisema.

"Haya, Baba," baba yangu akamjibu huku akimfungua vifungo na kuvifunga upya. "Kesho tutamtafuta wote."