Kutoka Masasi Kwenda Kumlilia Fundi Nandonde

Niliondoka Masasi kwa sababu ya wivu. Naliandika hilo mwanzoni kabisa ili msomaji asije akadhani nilisukumwa na huzuni. Huzuni ilikuwepo, ila kidogo.

Mnaonifahamu hamhitaji kuambiwa mimi ni nani. Asiyenifahamu aulize popote kuanzia Ndanda hadi Mangaka, nani anauza mabati, nondo na saruji. Ataonyeshwa maduka matatu, yote ya Bakari, na Bakari huyo kaishia darasa la nne. Walionizidi darasani leo wananisalimia wao kwanza.

Aliyekufa ni mzungu mmoja mwigizaji, mzee sana, huko kwao. Kwenye televisheni aliigiza fundi wa chombo kinachoruka kati ya nyota. Kila sehemu ya mchezo ule injini inakata, chombo kinaning'inia gizani, wenzake wanaanza kuagana, na yeye anakitengeneza kwa waya, gundi na ubishi. Jina lake la kizungu lilitushinda kulitamka. Sisi tulimwita Fundi Nandonde, jina la fundi baiskeli wa kijijini kwetu, Newala.

Nikisema sisi, nasema mimi na Hamisi. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita tulikuwa na kibanda cha video Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Televisheni yangu, mabenchi yangu, jenereta yangu. Hamisi alikuwa na mdomo tu. Tunaipunguza sauti ya mzungu, yeye anashika kipaza sauti na kutafsiri juu yake, na pale asipoelewa anatunga. Alipokuwa haelewi ndipo watu walipofurahi zaidi.

Na kulikuwa na yale maneno. Injini ikishakata kabisa, Fundi Nandonde anagonga bati mara tatu na kusema: "Bado haijafa, imelala tu." Mzungu mwenyewe alikuwa anasema nini, Mungu ndiye anajua. Lakini nenda Kariakoo leo, mpe fundi simu iliyozimika. Kabla hajaifungua atakwambia hivyohivyo.

Mimi miaka yote hii nimewaambia watu wa Masasi kwamba maneno yale ni yangu. Kwamba siku moja Hamisi alikuwa na mafua, nikashika kipaza sauti, nikayasema. Wateja wanajua habari hiyo. Mke wangu, Mama Shani, anaijua kwa moyo.

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, Masasi. Jana yake nilikuwa nimeletewa picha kwenye simu: Hamisi kaketi kwenye mkeka, kanzu nyeupe, na watu wazima wameinama kumpa mkono. Chini imeandikwa: "Mfiwa wetu, Mzee Hamisi. Jumamosi saa nne asubuhi utasomwa wasifu wa marehemu. Mafundi wote mnakaribishwa."

Mfiwa! Nilikaa na neno hilo tangu mchana mpaka usingizi ukanikataa. Nilielewa mafundi wa Kariakoo walivyofikiri: msiba hauendi bila mtu wa kupewa pole, na mjane wa mzungu hawawezi kumfikia. Lakini kama ni kuketi mkekani, mbona nafasi ilikuwa ya wawili? Na wasifu je? Wangesoma alizaliwa wapi, ameacha nani, kisha wangefika kwenye maneno, na hapo lingetajwa jina la Hamisi peke yake.

"Unaenda kuzika au kugombana?" Mama Shani aliniuliza, ananishikia taa.

"Naenda kuhani."

"Kuhani ndiyo mtu anajinyoa mara mbili?"

Nilipakia madebe mawili ya korosho za kukaanga kwenye pikapu, mpya, ya milango minne, nikaondoka.

Saa mbili nilikuwa Mnazi Mmoja, nayo ni Mnazi Mmoja ya kwetu kusini, mkoani Lindi, pale barabara ya Mtwara inapoachana na ya Dar. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa natoka Mnazi Mmoja moja kwenda nyingine, ile ya viwanja, kati ya Kariakoo na mjini, ambako mimi na Hamisi tulifikia na begi moja tunalipokezana. Leo mmoja wetu anaendesha gari yake, mwingine anapewa mikono. Niliona bora mimi niwe na vyote viwili.

Saa sita, Somanga. Nilisimama kula samaki. Mama muuzaji, mcheshi, alikuwa anapambana na jiko la mkaa lililokataa kuwaka.

"Subiri kidogo kaka, bado halijafa, limelala tu," akaniambia.

Nikamsogelea. "Unajua nani aliyasema maneno hayo?"

"Si Hamisi wa Kariakoo? Marehemu mume wangu alikuwa hakosi kwenye kile kibanda. Pikipiki ikimzimia tu, anamtaja Hamisi."

"Na mwenye kibanda hakumtaja?"

Akafikiri, upepeo mkononi. "Alisema kulikuwa na mtu mmoja mkali mlangoni, anapekua watu."

Nilikula samaki yule haraka haraka, mwiba ukanichoma ufizi. Kutoka pale hadi Ikwiriri sikuwasha redio.

Saa tisa na nusu niliingia mjini. Barabara ya Kilwa karibu na bandarini ilikuwa imejaa malori ya makontena, nikatambaa nyuma ya moja hadi shingo ikauma. Nikapita viwanja vya Mnazi Mmoja, nikakata kuingia Kariakoo, na hapo gari ikawa mzigo: mikokoteni, wamachinga, wasichana wenye mabeseni ya maji, kila mtu ananipigia bodi na kunisemesha. "Mzee, gari kubwa hivyo unaileta sokoni, unauza?" Niliiacha kwa mlinzi mmoja, nikabeba madebe yangu kwa mkokoteni.

Msiba ulikuwa mbele ya duka la Bi Salha, Mwarabu wa palepale Mtaa wa Sikukuu, anayeuza spea za redio na simu kama baba yake. Turubai limefungwa kutoka nondo ya dirisha lake hadi nguzo ya umeme. Picha ya mzungu, kubwa kama mlango, imepigwa utepe mweusi. Chini yake mafundi walikuwa wameketi na bisibisi mifukoni, wanabishana.

"Tumsomee dua."

"Dini yake unaijua?"

"Basi tumwite padri."

"Na kama hakuwa Mkristo? Miaka yote ile angani umeshamwona anaingia kanisani?"

"Angani kuna kanisa wewe?"

Waliishia kukubaliana chai na wasifu, kwa sababu hivyo havina dini.

Nilisogea mkekani. Hamisi amekonda, ana meza ya kuuza rimoti siku hizi, nilishaambiwa. Lakini aliponiona sauti ilitoka ileile, nzito, kama inatoka chini ya sakafu.

"Beka! Umekuja, ndugu yangu."

"Nimekuja. Pole."

"Nimeshapoa."

Nikakaa pembeni yake, nikangoja. Watu walikuja, walimpa mkono Hamisi, walimpa pole Hamisi, wakanivuka kama mto wa kuegemea. Hatimaye fundi mmoja mwenye miwani ya kukuza vitu, ameipandisha kwenye paji la uso, akaniuliza: "Shikamoo. Samahani mzee, wewe ni nani wa marehemu?"

"Marahaba. Mimi ndiye niliyesema 'Bado haijafa, imelala tu.'"

"Karibu sana. Kaa na wenzako. Wewe wa sita tangu jana."

Wakacheka, si kwa ubaya. Korosho zangu zilikuwa zimeshamiminwa kwenye sinia na kuzungushwa. Nilisikia mtu nyuma yangu, mdomo umejaa: "Mzee Hamisi ana heshima jamani. Anahaniwa mpaka na watu wa kusini."

Niliinuka nikaingia dukani.

Bi Salha alikuwa kaunta, anaandika wasifu kwenye karatasi ya mistari, kwa mwandiko wa shule. Zamani, alipokuwa msichana, dirisha la chumba chake lilitazama ua wa kibanda chetu. Nakiri hapa kwamba siku hizo nilikuwa navaa shati langu zuri na kusimama upande wa dirisha lile.

"Bi Salha, kuna jina limesahaulika humo."

"Lako," alisema bila kuinua macho.

"Kumbe unakumbuka! Siku Hamisi ana mafua, nikashika..."

"Hamisi hakuwa na mafua." Akaweka kalamu chini. "Bakari, mimi kibandani baba asingeniruhusu hata kuchungulia. Sijawahi kuuona uso wa mzungu huyu mpaka jana walipoleta hilo bango. Mchezo wote niliusikiliza dirishani. Kwa hiyo sauti zenu nazijua kuliko ninyi."

"Ulikuwa unasikiliza tu?"

"Ulidhani nafanya nini?"

Nikanyoosha kola ya shati langu.

"Jioni ile jenereta yenu ilikata," akaendelea. "Watu wakapiga mabenchi, wanataka kutoka. Wewe ukapayuka, 'Kaeni chini! Bado haijafa, imelala tu!' Nikasikia unaipiga teke. Moja, mbili, tatu. Ikawaka. Wiki iliyofuata mzungu akagonga bati, ngo, ngo, ngo, na Hamisi akamwekea maneno yako mdomoni. Nilicheka peke yangu chumbani mpaka mama akaja kuniuliza."

Nilitaka kubisha. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nilisikia harufu ya petroli ya jenereta ile, nikaona kiatu changu cha kulia kilivyochanika mbele. Mtu ukishaisema hadithi yako miaka ishirini, unasahau kwamba kulikuwa na nyingine kabla yake.

"Naweza kuandika nilichosikia," Bi Salha alisema, "au nisikuandike kabisa. Uongo kwenye wasifu wa maiti siandiki. Kesho saa tatu niambie."

Nilipanga chumba gesti ya karibu. Fikirieni hesabu yangu. Nikikubali, jina langu litasomwa mbele ya Kariakoo nzima, lakini ni jina la mtu aliyepiga jenereta teke. Habari ingefika Masasi kabla sijafika mimi. Nikikataa, nabaki na uongo wangu salama, na Hamisi anabaki na msiba wote.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, nilikuwa kaunta kabla hajamaliza kufungua milango.

"Andika," nikamwambia. "Ila weka pia kwamba jenereta ilikuwa yangu."

Saa nne alisoma. Mafundi walifunga meza zao, wachuuzi wakanyamaza, jambo ambalo sijapata kulishuhudia Kariakoo. Alisoma kwamba marehemu hakuwahi kufika Tanzania na hakujua kwamba huku ana jina. Alisoma kwamba ameacha familia kwao, na huku ameacha mafundi wasio na idadi. Kisha: "Maneno yake tunayoyatumia kazini yalianzia kwa ndugu Bakari wa Masasi, mwenye kibanda, siku alipoipiga teke jenereta yake iliyogoma. Ndugu Hamisi akayasikia, akampa marehemu."

Wakaangua kicheko. Kicheko kirefu, chini ya picha ya maiti. "Mzee Jenereta!" mtu akapaza sauti. Masikio yaliniwaka moto. Hamisi naye alicheka hadi akakohoa, akanishika goti.

Kicheko kilipokwisha, yule fundi wa miwani akasimama. "Mzee Hamisi, tuagie marehemu. Yaseme mara ya mwisho."

Wote wakageukia mkekani. Nami nilimtazama, na wivu ukanirudia wote, kwa sababu jina lilikuwa limeshatajwa na bado sauti iliyohitajika haikuwa yangu.

Hamisi akatikisa kichwa. "Leo siyasemi. Yale ni ya mashine. Huyu ni mtu, na amekufa."

Akachukua kijiko cha chai, akagonga sinia la korosho mara tatu. Mafundi wakatoa bisibisi, wakagonga walichoweza kukigonga: nguzo, bati, meza zao, mlango wa Bi Salha. Mara tatu, basi. Baada ya hapo watu wakaja kutoa mkono wa mwisho, na fundi wa miwani alipomaliza kwa Hamisi akahamia kwangu.

"Pole, Mzee Jenereta."

Nilikuwa nimesafiri siku nzima kuifuata pole hiyo. "Nimeshapoa," nikasema, hali sijapoa hata kidogo.

Saa sita mchana Hamisi alinisindikiza hadi kwenye gari. Aliizunguka, akaisifu, akapapasa taa.

"Beka, mbona hukuwahi kuniuliza habari ya maneno yale?"

"Nilikuwa nawaambia watu ni yangu."

"Aa." Akafikiri. "Mimi nilikuwa nawaambia ni ya mzungu."

Miaka yote nilikuwa nashindana na mtu ambaye hakuwa mchezoni.

Nililala Kibiti, nikafika Masasi Jumapili jioni. Mama Shani alikuwa mlangoni, na kicheko amekibana shavuni. Video ya wasifu ilikuwa imeshafika kwenye simu yake.

"Karibu, Mzee Jenereta," akasema. "Mafua ya Hamisi yamepona?"

Wateja nao wamelishika jina hilo, na najua hawataliacha. Basi nimeamua kuandika mwenyewe, nisiachie wengine waandike. Nilichojifunza Kariakoo si kwamba wivu umekwisha. Haujaisha. Nikiiona ile picha ya mkeka bado kitu kinanichoma hapa kifuani. Nilichojifunza ni kiasi changu, na kiasi hicho kimesomwa hadharani: sauti ilikuwa ya Hamisi. Jenereta ilikuwa yangu, na nililipia mwenyewe.