Hamira Niliyounyima Mtaa

Mjukuu wangu wa kike ni mtafiti. Naanza na hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu napenda kulisema. Mimi skuli niliiacha sijamaliza hata juzuu ya hesabu, yeye anafundisha chuo kikuu. Juzi kaja kunitazama, kavimba kwa hasira. Anataka watafiti wenzake wayaweke wazi yale waliyoyakusanya, kila mtu ayaone na ayatumie, nao hawataki. Mmoja anasema ataibiwa. Mwingine anaogopa makosa yake yataonekana. Mwingine anasema nimetaabika peke yangu, kwa nini mwenzangu aje ale? Mjukuu wangu akaniuliza, watu wazima wale, wasomi, wana nini? Nikacheka mpaka nikatafuta pa kushika. Wasomi gani. Hao ni mimi, mtaani Mlandege, Unguja, miaka ya foleni.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Unga wa ngano hauonekani, mchele wa mgao, na hamira ya dukani imehama kisiwa. Sasa mkate wa kumimina, ule wa mchele wa kusaga, bila ya hamira ni uji ulioungua. Wengine walikuwa wakitia tembo la mnazi ukaumuka vizuri tu, lakini mama mkwe wangu, niliyekuwa nikikaa naye, alikuwa hataki tembo lipite hata uchochoroni. Basi nikajitia ufundi.

Nikaanza na maji ya dafu yaliyolala. Mkate ukatoka bapa. Mume wangu akaugonga kwa kidole, akasema tuuweke, ukuta wa choo una ufa. Nikaongeza sukari nikaziba chupa, chupa ikapasuka uvunguni, na mama mkwe akatoa shahada akidhani bunduki za Mapinduzi zimerudi. Nikamwaga, nikaanza upya, nikamwaga tena. Mpaka siku moja nikatia ndizi mbivu, ile iliyokwisha kuwa nyeusi, nikaponda, nikafunika chungu juani kutwa. Kulipokucha chungu kinatoa povu. Mkate uliotoka humo ulikuwa na vitundu kama sifongo. Tangu hapo nikawa nikichota, nabakisha kidogo chunguni na kutia dafu jingine, na chungu kikaishi pale uani kama kiumbe wa nyumba.

Unajua nilivyokuwa? Kipande cha mkate nilikuwa nakipeleka nyumba ya mbali kwanza, ili nipite na sahani mbele ya milango yote.

Wanawake wakaja kuuliza. Kwetu mwanamke haombwi mapishi akakataa, ni utovu wa adabu. Anakupa, ila anapunguza kimoja. Bibi yangu mzaa mama alimpa wifi yake mapishi yote ya udi wake, akapunguza kimoja. Wakazeeka pamoja, wifi akifukiza moshi tu. Basi na mimi nikawapa: dafu, sukari, chungu, jua. Ndizi nikaimeza. Mikate yao ilipokataa kuumuka wakarudi kuniuliza, nami nikawatazama kwa huruma kama daktari, nikawaambia ni mkono, shoga zangu. Wengine Mungu kawapa mkono mzito.

Jirani yangu wa mwisho wa uchochoro, mjane aliyekuwa akishona kofia, hakurudi kuuliza. Hilo nililiona, nikadhani kanisadiki.

Sasa mdogo wangu akaja kuposwa. Walikuwa wamekwisha kuja watu kumtazama kabla, wakala, wakaaga vizuri, wasirudi. Tangu siku hiyo mdogo wangu akawa mtu wa kukaa kimya jikoni, na mama yetu akawa hapati usingizi. Safari hii wanawake wa upande wa mume walikuwa wanatoka Kidichi, na mama wa bwana harusi anasifika kwa ulimi. Nami kwa kiherehere changu nikapeleka habari mapema kwamba kwangu hawatatafuna muhogo, watakula mkate wa kumimina. Mchele nimeudunduliza kwenye mgao, unatosha kumimina mara moja. Usipoumuka, hakuna mwingine.

Alhamisi nikaroweka mchele, nikaenda Darajani kutafuta iliki. Niliporudi, chungu changu kimepinduliwa juani, kinang'ara. Mama mkwe kakisugua kwa jivu na kumbi la nazi.

"Nimekuoshea chungu chako, mwanangu," akaniambia. "Kilikuwa kinanuka."

Nikasema ahsante, mama. Ningesema nini? Hata yeye nilikuwa nimemficha kilichomo. Kuumua kingine kungetaka jua la kutwa na usiku kucha, na wageni wanakuja kesho.

Nikajifunga kanga nikatoka kuomba. Mlango wa kwanza wakaniuliza, hamira ipi, si ulituambia ni mkono? Mlango wa pili walikuwa wamekwisha kuacha kujaribu, wamerudia boga na muhogo, na hawakunificha kwamba sababu ni mimi. Mtaa mzima hapana chungu hata kimoja chenye uhai, na aliyeviua ni mimi mwenyewe. Wangalikuwa na hamira watu kumi, ningalikopa popote.

Nikabaki na mjane wa kofia. Nilimkuta uani, na kando yake chungu kimefunikwa kawa. Akafunua. Povu.

"Nlijua umepunguza," akasema, wala hakuacha kushona. "Sikujua nini. Nikatafuta changu."

Akanichotea bakuli tele kabla sijaomba mara ya pili. Ningeshika njia. Lakini ulimi wangu huu, nikamuuliza katia nini.

"Dafu, sukari, chungu, jua."

"Na nini?"

"Wewe kwanza, bibi wee."

Tukatazamana. Neno lile lilinitoka kama jino.

"Ndizi."

"Ndizi!" Akaweka sindano chini. "Na mimi ndizi zangu zilizooza nnampa kuku." Akacheka mpaka kofia ikamwanguka mapajani, kisha akasema lake: ganda la nanasi.

Kesho yake akaja kunisaidia kumimina. Mkate ukapanda mpaka ukasukuma kifuniko chenye makaa juu. Wageni wa Kidichi wakala. Mama wa bwana harusi alipochukua kipande cha pili akaniuliza umeumuliwa kwa kitu gani. Nilihisi mdomo wangu unajipanga wenyewe: dafu, sukari, chungu… Mdogo wangu alikuwa kaketi pembeni, kainamisha kichwa, na mjane kanikazia macho. Nikayataja yote, na ganda la nanasi, nikasema na hamira si yangu, ya jirani yangu huyu. Nilimwonyesha kwa kidole ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Yule mama akaomba kidogo aende nayo Kidichi, akapewa kwenye kopo. Na mdogo wangu akachukuliwa pia.

Msidhani niliokoka na kiburi. Lile nililokuwa nikiliogopa lilinifika kama lilivyo: sifa ilikwenda. Mtaani ukaitwa mkate wa jirani, na ndizi yangu, niliyoifikia baada ya kupasua chupa na kumtolesha mama mkwe shahada, hapana aliyeikumbuka. Iliniuma, sisemi uongo. Arusi ilipofika tukaenda Kidichi kupika. Wanawake wa kule, walionizidi ukarimu, wakaniketisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi wakanifundisha, pole pole, kama mtoto, namna ya kuumua mkate bila ya hamira ya dukani. Wakanieleza dafu, sukari, chungu, jua, na ganda la nanasi, wala hawakupunguza hata kimoja. Nikawaitikia kila neno. Nazi ile niliikuna mpaka kifuu.