Muhuri wa Dhamiri

Karani wa dirisha la bima huupulizia muhuri kabla ya kuugonga, kama anayempozea mtoto uji. Muhuri unasema: "Dhamiri ya Mwajiri." Dawa ambayo mwajiri anaiona dhambi, bima haiilipii. Hugonga, akailainisha karatasi kwa kiganja, akasema, "Pole, mwanangu. Mimi ni mkono tu."

Leo mfagizi wa shule ya dini, aliyeonywa na daktari kwamba mimba nyingine itamuua, aliirudisha fomu yake ya vidonge vya kupanga uzazi.

"Na dhamiri yangu mimi, mama, inagongwa wapi?"

Karani akaigeuza fomu, akatafuta nafasi mbele na nyuma, kweli kabisa akatafuta. Hakuiona. Akagonga. Muhuri ukagoma kutoa wino. Akaupulizia, akarudia.